Hadithi kuu na uhuru wa mchezaji kwenye gemu za ramani wazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Banda letu la gemu lipo Ngamiani, Tanga. Kwa miaka mingi biashara ilikuwa mpira tu: watu wawili, pedi mbili, kelele hadi barabarani. Siku hizi kuna kundi jingine linalokaa pembeni na gemu moja kwa miezi, na maswali haya yanatoka kwao. Nimeyaandika yasomwe wakati mtu anasubiri zamu. Palipo na siri kubwa ya hadithi nimetahadharisha mapema, kwa hiyo usije kunilaumu.

Gemu ya ramani wazi ni ipi hasa? San Andreas nayo imo?

Imo, ila nusu. Gemu iliyonyooka ni daladala, inakushusha kituo hadi kituo. Hii ni baiskeli: mji wetu tambarare, unakata kona unayoitaka, lakini mto Zigi bado utauvuka darajani. San Andreas ya mwaka 2004 ina ramani wazi, na hata mhusika anakua kidogo. CJ akila ovyo ananenepa, akinyanyua vyuma anajaza mikono. Ila ni mtu yule yule mwenye hadithi ile ile.

Wachezaji wakitaja gemu za kukuza mhusika wanamaanisha zile ambazo unachagua ujuzi, unapanda levo, na mara nyingi unamtengeneza mtu wako tangu sura. Humo zimo Skyrim, Fallout, Elden Ring na The Witcher 3, ingawa kwenye hiyo ya mwisho unapewa Geralt akiwa tayari na ndevu zake. Nitaitaja pia Zelda: Breath of the Wild. Wengi hawaihesabu kwenye kundi hili, lakini swali la uhuru na hadithi imelijibu vizuri kuliko nyingi zilizomo.

Kama niko huru, hadithi kuu ya nini sasa?

Ndiyo inayokutembeza. Mmwage mtu kwenye ramani kubwa bila sababu ya kwenda popote, nusu saa haiishi karudisha pedi. Fundi hodari anaitumia hadithi kukupitisha pale anapotaka upaone, huku wewe ukiamini miguu ni yako.

Mfano ninaoupenda ni Fallout: New Vegas ya Obsidian, mwaka 2010. Unaanza umepigwa risasi ya kichwa na kufukiwa. Unafukuliwa, unatibiwa kwenye kijiji cha Goodsprings, na unachojua ni kwamba aliyekupiga alivaa koti la miraba na kaelekea New Vegas. Mji uko kaskazini. Njia fupi ni kaskazini moja kwa moja, na hakuna ukuta wala geti. Kuna nyigu wakubwa kama mbuzi, wenye sumu, na kwenye machimbo ya mawe kuna deathclaw, mnyama anayekumaliza kwa makofi mawili. Wenyeji wanakuonya. Usipowasikiliza, shauri yako.

Kwa hiyo karibu kila mtu anazunguka kusini: Primm, Nipton, Novac, kisha ndipo anapanda kwenda mjini. Na huko anakozunguka ndiko hadithi ilikokuwa inamsubiri. Primm anaona jeshi la NCR lilivyozidiwa na kazi. Nipton anakutana na Legion na anaona kwa macho yake wanachowafanyia watu. Akifika mjini anajua nani anagombana na nani kuhusu bwawa la Hoover, na hakuna aliyemkalisha darasani. Yule mbishi aliyejibanza kwenye miamba akapenya kaskazini naye gemu inampokea. Anaingia mjini mapema, anamkuta mbaya wake, na mambo yanaendelea. Kumwelekeza mtu bila kumfunga kamba ndiko huko, na gemu nyingi zenye ramani kubwa mara tatu ya ile hazijaliweza jambo hilo.

Nikiacha misheni kuu nikafanya mengine, itanisubiri?

Karibu kila mara, ndiyo. Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote za gemu hizi.

Skyrim, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, inakuambia kuna joka, Alduin, limerudi kuumeza ulimwengu. Kauze ngozi, kaoe, kajenge nyumba, Alduin atakusubiri. Tena majoka mengine hayaanzi kuzurura angani mpaka uende kwenye ule mnara wa nje ya mji wa Whiterun na kuliua la kwanza. Kuna watu wanaopenda utulivu, wanaacha kwenda makusudi. Cyberpunk 2077, ya Desemba 2020, daktari anakuambia una wiki chache tu za kuishi kwa sababu ya chipu iliyo kichwani. Unatoka pale unakwenda kushindana ngumi na kununua magari.

Ila inayochekesha zaidi ni Fallout 4 ya mwaka 2015. Unashuhudia mwenzi wako wa ndoa akiuawa na mtoto wenu mchanga akiibwa. Kisha gemu inakupa nyundo na mbao na kukuruhusu kujenga vijiji. Kuna kijana hapa bandani alikuwa kwenye ujenzi huo, anapanga uzio, anapanda mahindi, anavuta umeme. Mama wa mwenzake akaja kumfuata mwanawe kabla ya magharibi, akasimama mlangoni akaangalia kioo. Akaelezwa hadithi: mtoto kaibwa, mzazi anamtafuta.

"Kashampata?"

"Bado, mama."

"Sasa hiyo nyumba anamjengea nani?"

Banda zima lilicheka, na kijana hakuwa na jibu. Watengenezaji nao hawakuwa nalo. Ukimpa mchezaji sababu ya kukimbia, halafu ukampa kila kishawishi cha kukaa, mojawapo itageuka uongo. Na inayogeuka uongo kila siku ni hadithi, kwa sababu mchezaji anaamini anachokifanya kwa mikono yake kuliko anachosimuliwa.

Hakuna zisizosubiri?

Zipo chache. Fallout ya kwanza kabisa, mwaka 1997, ilikupa siku 150 za ndani ya gemu utafute chipu ya mtambo wa maji. Zikiisha, watu wako wamekufa kwa kiu na mchezo umekwisha. Kulikuwa na kikomo cha pili baadaye, nacho kililegezwa. Zelda: Majora's Mask, mwaka 2000, mwezi unaanguka baada ya siku tatu, kwa hiyo unarudisha siku nyuma tena na tena. Kingdom Come: Deliverance, mwaka 2018, ina baadhi ya kazi ambazo ukichelewa zinaendelea bila wewe.

Sababu ya uchache wake ni rahisi. Saa ikianza kugonga, watu wanaacha kutembea. Mtengenezaji kaweka mapango na vijiji kwa miaka kadhaa ya kazi, hataki upite mbio bila kuvitazama.

Basi ipi imelipatia?

Mbili kwa maoni yangu, kila moja kwa njia yake.

Morrowind, mwaka 2002. Unashuka melini, mfungwa aliyeachiwa, umepewa kifurushi upeleke mji wa Balmora kwa mzee mmoja anaitwa Caius Cosades. Unafika umejiandaa kuanza ushujaa. Mzee anakutazama na kukuambia bado hujaiva: nenda katafute kazi, jiunge na chama cha wapiganaji au cha wachawi, ufanane na watu wengine wanaohangaika na maisha, kisha urudi. Yaani hadithi kuu yenyewe ndiyo inayokutuma uende zako! Kuzurura kumegeuka kutii amri. Sielewi kwa nini njia hii haikuigwa na kila mtu.

Zelda: Breath of the Wild, Machi 2017, imelitatua kwa kuiweka dharura nyuma ya pazia. Umelala miaka 100. Ulishindwa zamani, ufalme umeshaanguka, na binti mfalme anamzuia adui ndani ya kasri tangu wakati huo. Aliyestahimili karne nzima atastahimili na wiki yako ya kupika uyoga na kupanda milima. Isitoshe, lengo ni moja tu, limeandikwa tangu mwanzo: mwangamize Ganon. Kila pango unaloingia, kila moyo unaouongeza, kila silaha unayookota ni maandalizi ya hilo moja. Hakuna cha pembeni kinachokutoa njiani, kwa sababu vya pembeni ndivyo njia yenyewe.

Kwa hiyo naweza kwenda kwa bosi wa mwisho moja kwa moja?

Kwa Zelda hiyo, ndiyo, ukishatoka ile nyanda ya juu ya kuanzia. Kuna watu duniani wanaimaliza chini ya nusu saa. Wewe utapigwa dakika ya kwanza, lakini mlango uko wazi. Ukiwakomboa kwanza wale wanyama wanne wa chuma, nao wanampiga Ganon kabla hujaanza, na anapungua nguvu.

Elden Ring, Februari 2022, ina milango michache. Kasri la kwanza, Stormveil, unaweza kulikwepa kwa kinjia cha pembeni ukapita zako. Lakini kuingia mji mkuu wa Leyndell unahitaji Rune Kuu mbili, na hizo ziko kwa mabosi. Ni wapi uzitoe, unachagua mwenyewe. Skyrim hapana, hadithi yake ni ngazi moja baada ya nyingine. Tena ziko ngazi halisi za kupanda kwa wazee wa mlimani. Wanasema 7,000, lakini waliokaa kuzihesabu walikuta hata 1,000 hazifiki.

San Andreas nikivuka daraja mapema napewa nyota nne. Kwa nini?

Kwa sababu watengenezaji wake, Rockstar, walitaka ukae mji wa Los Santos mpaka hadithi ikutoe. Nyota ni polisi wanaokusaka, na polisi ndio ukuta wenyewe. Cyberpunk inafanya vivyo hivyo, kitongoji cha Watson kinafungwa na polisi mpaka lile jaribio kubwa la wizi lipite. Binafsi siuchukii ukuta wenye sababu, ilimradi uondoke mapema.

Kwa nini kuna watu hawafi hata nikiwapiga shoka?

Hadithi inawahitaji. Hapa utaona kila mtengenezaji anakuamini kiasi gani.

Morrowind ilikuacha umuue yeyote. Ukimwangusha mtu wa muhimu, maandishi yanatokea kukujulisha kuwa uzi wa unabii umekatika: rudisha seivu ya nyuma (pale ulipohifadhi mchezo), au endelea kuishi kwenye ulimwengu ulioukosesha tumaini. Wengi hawajui kwamba hata hapo ipo njia ya uchochoroni ya kumaliza hadithi, ngumu na yenye maumivu. Oblivion, mwaka 2006, ikaogopa: watu wa muhimu wanazirai, kisha wanaamka wanajipangusa vumbi. Skyrim wanapiga goti moja, wanapumua, wanaendelea. Nimemwona mteja anampiga mzee mmoja muda mrefu kwa hasira tu, mzee anapiga goti na kuinuka, anapiga goti na kuinuka, mwishoni mteja mwenyewe akachoka.

New Vegas ilipata akili. Ukiacha watoto, unaweza kumuua takriban kila mtu, wakiwemo viongozi wa pande zote. Ila wameweka roboti mmoja, Yes Man. Ukimvunja anarudi kwenye mwili mwingine anatabasamu vile vile. Kazi yake ni moja: hata ukiwaangamiza wote, hadithi ibaki na wa kuimalizia. Mmoja asiyekufa anawaruhusu mamia wafe. Elden Ring nayo ina ujanja wake kwa wafanyabiashara. Ukimuua muuzaji anaacha kengele, unaipeleka kwenye kituo kikuu, na bidhaa zake zinaendelea kuuzwa pale. Umekosa mtu, hukukosa duka.

Mbona nikipanda levo na maadui wanapanda?

Ni gharama ya uhuru. Kama unaweza kwenda popote wakati wowote, mtengenezaji hajui utafika pangoni ukiwa na nguvu gani, kwa hiyo anawapima maadui kwa kukutazama wewe. Oblivion ilizidisha. Jambazi wa barabarani anakusimamisha akidai dhahabu 100, naye kavaa deraya ya kioo yenye thamani ya maelfu. Si auze hiyo deraya? Ubaya zaidi, aliyechelewesha hadithi kuu akazurura kwanza, akifika mji wa Kvatch anakuta mashetani wamekomaa kuliko angefika mapema, na wale askari wa kumsaidia wanaanguka kama embe. Gemu ilikuambia uko huru, kisha ikakuadhibu kwa kuuamini uhuru huo.

The Witcher 3 inaandika levo inayofaa kwenye kila kazi, na kazi uliyoizidi inakupa uzoefu kiduchu. Elden Ring haikupimi kabisa. Mpanda farasi wa dhahabu anakusubiri hatua chache baada ya kutoka mlango wa kwanza, na funzo lake ni kwamba kukimbia nako ni uamuzi.

Maamuzi yangu yanabadilisha kitu kweli, au ni danganya toto?

(Hili lina siri za The Witcher 3 na Fallout 3. Unayetaka kucheza mwenyewe, ruka.)

Inategemea. Danganya toto ni nyingi: majibu matatu kwenye mazungumzo, yote yanafikia sentensi ile ile. Lakini iliyotugawa hapa bandani ni ile ya Baroni.

The Witcher 3 ilitoka Mei 2015, kazi ya CD Projekt Red wa Poland. Unamtafuta binti yako wa kulea, Ciri, na mwenye habari zake ni Baroni mmoja mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe, sasa mke na binti wametoroka. Unamsaidia ili akusaidie. Njiani unafika kwenye mti wenye roho iliyofungwa chini yake, inakuomba uifungulie, nayo inaahidi kuwaokoa watoto yatima walioko kwenye kinamasi cha mabibi wachawi. Uimalize au uiachie? Pedi ilikuwa kwa dereva wa bajaji, na nyuma yake watu wamesimama hadi mlangoni. Wengine: "Iachie, watoto wale!" Wengine: "Roho gani inafungwa bure? Iue!" Akaiachia. Gemu haikusema umefanya vizuri wala vibaya. Siku nyingine, misheni zimeshapita nyingi, ndipo matokeo yakaja: watoto wamepona, kijiji kimoja kimeteketezwa, mke wa Baroni kageuzwa kiumbe na akafa, na Baroni kajinyonga. Wangeiua ile roho, watoto wangeliwa, mke angebaki hai amerukwa na akili, na Baroni angeondoka naye kwenda kumtafutia mganga. Waliopiga kelele "iachie" walinyamaza kabisa. Bado wanabishana.

Tazama ilivyotengenezwa. Matokeo yanakuja saa nyingi baadaye, seivu ya zamani imeshafunikwa, huwezi kurudi nyuma kuchungulia. Na hadithi kuu haijapotoka hata kidogo: utaendelea kumtafuta Ciri vyovyote. Kilichobadilika ni dhamira yako. Mwisho wa gemu nao unategemea vitu vidogo ulivyomfanyia Ciri, kama kukubali kurushiana naye theluji siku alipovunjika moyo. Hakuna kitufe kilichoandikwa chagua mwisho.

Upande wa pili ni Fallout 3, mwaka 2008. Mwishoni kuna chumba kilichojaa mionzi, mtu lazima aingie abonyeze namba, na atakayeingia atakufa. Sasa, unaweza kuwa umefuatana na Fawkes, jitu ambalo mionzi hailidhuru hata chembe, na mapema kwenye hadithi hiyo hiyo liliingia kwenye mionzi kwa niaba yako! Unaliomba liingie. Linakataa, eti hii ni hatima yako, halitaki kukunyang'anya. Saa zote zile gemu ilikufundisha kutumia akili, na siku ya mwisho ikakukataza kuitumia kwa sababu mwandishi alishaandika kifo chako. Malalamiko yalikuwa mengi, na nyongeza ya Broken Steel ya mwaka 2009 ikakuruhusu kumtuma Fawkes, na pia kuendelea kucheza baada ya hadithi kuisha. Huo ni mfano ninaoutoa kila mtu akiuliza hadithi inapogombana na uhuru inaonekanaje.

Nje niko huru, nikiingia misheni nafungwa. Kwa nini?

Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ndiyo mfano mkubwa. Porini unawinda, unavua, unasalimiana na wapita njia, kila kitu kinakuitikia. Ukianza misheni, ukitoka kidogo kwenye mstari au ukizunguka nyuma ya nyumba badala ya mlango wa mbele, umefeli, anza upya. Ni gemu mbili kwenye diski moja. Wanafanya hivyo kwa sababu wanataka tukio lipendeze kama sinema, na sinema haitaki mwigizaji anayeranda. Ninaipenda ile ya nje, ile ya ndani naivumilia.

Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nitaelewa hadithi?

Anza na Zelda au Elden Ring. Ya kwanza maneno ni machache, na ya pili hata wanaojua Kiingereza hawaelewi hadithi yake, kwa hiyo mko sawa. Unachofuata ni ule mwanga wa dhahabu unaoonyesha upande.

Skyrim ina mshale kwenye dira, unaweza kwenda bila kusoma neno. Ndiyo nafuu yake na ndiyo hasara yake, maana utamaliza misheni bila kujua ulitumwa nini. Morrowind haina mshale. Unaandikiwa kwenye daftari: fuata barabara kusini, ukikuta daraja usivuke, kunja kando ya mto. Usiposoma umepotea. Hapa kuna dada wa kidato cha tano ambaye jioni husoma maandishi hayo kwa sauti na kuyageuza Kiswahili papo hapo, tena kwa mbwembwe, kila mzee wa kwenye gemu kampa lafudhi ya mvuvi wa Sahare. Watu wanakuja kumsikiliza yeye.

Mimi ni mzazi. Hiki anachocheza mwanangu hakina mwisho?

Kina mwisho, ila kimefichwa nyuma ya mambo mengi. Hadithi kuu ya The Witcher 3 pekee ni kama saa 50, na vya pembeni vinaweza kuzidisha mara mbili. Skyrim ina kazi ndogo ndogo zinazojizalisha zenyewe, hizo kweli haziishi, kwa hiyo mwambie mwanao amalize hadithi kuu kisha mjadiliane.

Cha kutazama zaidi ni umri. The Witcher 3, Cyberpunk na Skyrim Ulaya zimewekewa miaka 18. Zelda: Breath of the Wild ni 12. Sisi hatumpi mtoto pedi ya zile za 18, na tafadhali usimtume kaka yake aje kumwombea.

Kwenye simu kuna ya kucheza?

San Andreas ipo kwenye simu tangu mwishoni mwa 2013. Genshin Impact, ya Wachina wa miHoYo, Septemba 2020, ni bure na ramani yake ni kubwa, ila hadithi inafungwa mpaka ufikishe daraja fulani la safari, na daraja hilo linapandishwa na vile vya pembeni. Yaani hapa vya pembeni si hiari, ni kiingilio. Wahusika wapya wanapatikana kwa bahati nasibu ya pesa halisi. Na itakula bando, shusha ukiwa kwenye waifai.

Nina saa moja moja tu. Nicheze ipi?

New Vegas au Skyrim, unaseivu popote. Elden Ring inajiseivu yenyewe kila wakati, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi kingi, lakini na ulichokiharibu huwezi kukirudisha. Ukimpiga kwa bahati mbaya mtu uliyemhitaji, kuna kanisa moja la ziwani la kutubia. Aliyekufa, kafa.

Mwenzangu kafunika seivu yangu. Nifanyeje?

Ya jana hairudi. Kuanzia leo, kwenye PS4 unaweza kunakili seivu yako kwenye flashi ukaondoka nayo, mwulize aliye kaunta akuonyeshe. Gemu za PS5 zenyewe hazikubali flashi, seivu zake zinahifadhiwa mtandaoni kwa akaunti iliyolipiwa, kwa hiyo huko fungua akaunti yako na usiingie kwa ya mtu mwingine.